Sahihi za Binti Salma

Khanga iliyofukizwa udi ukiilaza juu ya kioo cha skana, na taa ikapita chini yake mara mbili tatu, joto lile huiamsha harufu yake. Jambo hili nililijua nikiwa na miaka kumi na mbili, nikalisahau, na wiki iliyopita likanirudia nikiwa kazini Rusayl, nje kidogo ya Maskati. Mimi ni mchoraji katika kiwanda cha maboksi. Tulikuwa na kazi ya boksi la halwa, mwenye halwa ametaka pindo la khanga lizunguke kifuniko, na harufu ikatoka kwenye skana ikaenea ofisi nzima. Mwenzangu Akinyi, Mkenya tunayegawana naye meza, akainua kichwa akauliza kama kuna mtu amewasha ubani. Nikamwambia ni khanga tu. Lakini nilikaa pale mkono juu ya kifuniko cha skana, sitaki kukifunua.

Khanga yenyewe si yangu. Ninayo mwenzake, maana khanga huuzwa mbili mbili, lakini yangu imepauka mpaka ule wekundu umekuwa kama maji ya rangi. Kwa hiyo nilimwomba Nasra aniazime yake. Nasra ni binti wa mamdogo wangu, tumelelewa pamoja kipande cha utoto. Aliitoa kwenye sanduku, ndani ya mfuko, rangi zake bado kali, akanikabidhi na kunambia neno moja: "Usiifue." Mimi nikaona ananiringia. Nisameheni, wasomaji wangu, lakini nawaeleza mambo yalivyo. Miaka yote hii imepita, na bado huyu mtu akinipa kitu, mimi hutafuta kasoro kwanza ndipo nishukuru.

Wivu wangu kwa Nasra ulianzia kwenye benchi.

Nyumba yetu ilikuwa Al Khoudh, karibu na chuo kikuu, na kaka yangu Hilal alikuwa mwanafunzi hapohapo chuoni. Kompyuta ilikaa chini ya ngazi. Mbele yake paliwekwa benchi la mbao lililowahi kuwa la jikoni. Hilal alikaa katikati, na mimi nilikaa kuliani kwake, na hapo ndipo palikuwa pahala pangu duniani. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu. Ilikuwa ikianza kwa mlio wa kukwaruza na kupiga miluzi, halafu kimya, halafu sauti ya mama kutoka jikoni akiuliza nani tena kamzibia simu yake.

Siku hizo watu walikuwa kwenye majukwaa. Vijana wa leo hawayajui, basi niwaeleze. Jukwaa lilikuwa kama baraza la mtandaoni: mtu anaanzisha mazungumzo, wengine wanajibu chini yake, na kila mmoja ana jina la kubuni. Letu lilikuwa la watu wetu, Waomani wa asili ya Unguja na Pemba, walio Maskati, Dubai, London na kwingineko, wakiandika Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu, wakibishana juu ya mapishi ya biriani na nani ni jamaa ya nani. Kando ya jina lako palikuwa na kipicha cha mraba, avata. Na chini ya kila ulichoandika palikuwa na picha ndefu nyembamba, wenyewe tukiita sahihi. Hiyo sahihi ndiyo iliyokuwa mavazi ya mtu. Mwenye sahihi nzuri akiingia kwenye mazungumzo, watu walimwona amekuja. Asiye nayo alikuwa kama kaja harusini na kandambili.

Hilal alinifundisha kuzitengeneza. Alinionyesha jinsi picha inavyopangwa tabaka juu ya tabaka, waridi chini, jina juu yake, na vimetameta juu ya yote. Na alinifundisha siri moja ambayo ndiyo iliyokuja kunitia aibu. "Sikiza, Rayya," alinambia. "Picha haikai jukwaani. Inakaa kule tunakoihifadhi. Jukwaa linaichungulia tu. Ukiibadilisha kule, inabadilika kila pahala, hata chini ya maneno aliyoandika mtu mwaka jana." Alifungua akaunti moja ya kuhifadhia picha, na neno la siri tukalijua sote.

Mimi nilijiita Waridi. Kazi zangu zilikuwa na mawaridi, na macho ya kike yanayotoka chozi moja, na vimetameta vingi kiasi kwamba Hilal alisema ukitazama sana utahitaji miwani. Lakini watu walizitaka. Kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo kabisa, mbuni huweka jina lake. Ndiyo ilikuwa desturi, na kuondoa jina la mbuni kwenye kazi yake kulihesabika kama wizi. Nilikuwa nikifungua jukwaa nikahesabu "Waridi" ngapi ziko kwenye ukurasa mmoja. Siku niliyohesabu saba nilishindwa kula kwa furaha.

Kisha akaja Nasra.

Mama yake, mamdogo Salma, aliugua figo, ikaamuliwa apelekwe India. Ami Seif, mumewe, alifuatana naye. Nasra akaletwa kwetu na sanduku moja na bunda la khanga za mama yake, zimefungwa kwa khanga nyingine, zikinukia udi. Mimi na yeye tulikuwa na umri mmoja, tofauti ya miezi. Nilimpa nusu ya kabati langu kwa moyo mweupe, wallahi, na nilimpa mto ulio laini. Wema wangu ulidumu wiki mbili.

Mwanzo alikaa nyuma yetu kwenye kiti, akitazama. Halafu akakaa kushotoni kwa Hilal. Hakuuliza maswali mengi. Siku moja alasiri aliomba kipanya, akasema anataka kujaribu kitu, akapanda chumbani akarudi na khanga ya mama yake, nyekundu yenye pindo jeusi la korosho. Akaitandaza juu ya kioo cha skana ya Hilal, akaikandamiza na kamusi. Harufu ya udi ikatoka. Alichukua pindo lile akalizungusha kwenye picha, katikati akaacha weupe mtupu, na juu ya weupe akaandika jina la mtu aliyeiomba. Basi. Hakutia waridi wala chozi. Hilal alikuwa akitafuna kashata, akaacha.

"Mashallah," akasema. Halafu akanigeukia. "Rayya, njoo uone."

Njoo uone. Mimi niliyekuwa hapohapo, bega lake limegusana na langu. Niliona, nikasema nzuri, lakini haimetameti.

Jukwaani ilikuwa kama mvua imenyesha. Watu waliozikimbia khanga za mama zao ukubwani sasa walizitaka chini ya majina yao. Mmoja aliandika kwamba amelia. Maombi yakamiminika, na yote yalimtaka yeye. Pembeni hakuandika Nasra. Aliandika "binti Salma", kwa herufi ndogo nyeupe juu ya weusi wa pindo. Hata hilo lilinikera, nikaona anajitafutia huruma.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Mtu akiomba sahihi, Nasra alimuuliza Hilal swali lilelile: "Huyu anaandika sana?" Akiwa msemaji, mtu wa kujibu kila mazungumzo, Nasra alimtengenezea siku ileile. Akiwa mkimya, alimweka mwisho wa foleni. Palikuwa na bwana mmoja wa Dubai, mbishi, hakuna mada asiyoingia, hata za uzazi. Huyo alipewa sahihi mbili. Nikasema moyoni, huyu mtoto mjanja, anataka jina lake lizagae kila pahala. Nilimwona mroho wa sifa. Mimi, mhesabu wa mawaridi, nilimwona mwenzangu mroho wa sifa.

Naweza kuwatajia vitu vyote nilivyomwonea wivu. Mwandiko wake. Jinsi Hilal alivyokuwa akimwachia kipanya bila kuombwa. Nywele. Nilimwonea wivu hata kwa ugonjwa wa mamake, Mungu anisamehe, maana kila mgeni aliyeingia kwetu aliuliza "Nasra yuko wapi, maskini," akapewa ubani wa kutafuna na biskuti, na mimi mwenye mama mzima jikoni sikuulizwa na mtu. Mama alinigundua. Alinivuta pembeni siku moja, mikono yake ina unga wa chapati.

"Rayya, mwenzio hana mamake hapa."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua usingemkatia jicho mezani."

Siku hizo mapumziko yetu ya wiki yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, na kila Ijumaa baada ya sala mamdogo alipiga simu kutoka hospitali. Hakuweza kusema sana, pumzi ilimwishia. Nasra alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili, akisema "ndiyo mama, ndiyo mama," dakika tatu nne, kisha anampa mama yangu. Mimi niliona ni maongezi makavu. Kumbe yalikuwa na mengine nisiyoyajua.

Jumamosi moja baada ya skuli mama alimpeleka Nasra kwa daktari wa meno. Hilal alikuwa chuoni. Nilibaki peke yangu na benchi zima. Nilikaa katikati.

Sikupanga, au nasema hivyo. Nilifungua tu pale tulipohifadhi picha, nikaziona zake zimepangwa, thelathini na moja, zangu ziko chini kabisa. Nikachukua ya kwanza. Nilikata kipande kidogo cha pindo kutoka upande mwingine, nikakibandika juu ya pembe kufunika "binti Salma", na juu ya kiraka nikaandika "Waridi". Nikairudisha kwa jina lilelile la faili. Kisha ya pili. Kufikia ya kumi mkono ulikwisha kuzoea, sikuwa hata nikitazama vizuri. Zote thelathini na moja zilikwisha kabla ya adhana ya alasiri.

Nikafungua jukwaa. Waridi chini ya bwana wa Dubai. Waridi chini ya maneno ya wiki iliyopita, na ya mwezi uliopita. Nilirudi nyuma kurasa na kurasa, na kote nilikopita mimi ndiye niliyekuwa mwenye khanga. Bibi mmoja wa London akaandika: "Waridi, kumbe ni wewe siku zote? Mkono wako usichoke." Na mimi nikamjibu. Niliandika "Alhamdulillah". Kati ya yote niliyoyafanya siku ile, neno hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nasra aliona kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga majibu. Alitazama kioo cha kompyuta, akashuka ukurasa, akashuka tena, akaenda kurasa za zamani.

"Unaweza kuzirudisha leo?" akaniuliza. "Leo leo, Rayya."

"Kurudisha nini?"

Alinitazama kidogo. "Bas," akasema.

Kila mmoja wetu alikuwa na saa moja ya kompyuta kwa siku. Saa yake ile, na ya Jumatatu, alizitumia kuzitengeneza upya moja moja tangu mwanzo, maana zile za asili nilizifuta kwa kuzifunika. Alianza na ya bwana wa Dubai. Nilikaa kwenye ngazi nikimtazama kisogo, nikadhani anashindana nami, nikaona tamu. Mpaka Jumatatu jioni alikuwa amemaliza nne.

Jumanne tumerudi skuli, simu ikalia. Haikuwa siku yake. Mama aliinua, akasikiliza, akakaa chini kwenye kapeti. Alikuwa ami Seif. Mamdogo alitakiwa apasuliwe kesho yake asubuhi, na presha imempanda, na kasema hapasuliwi, anataka kurudishwa Maskati. Mama aliuliza kwa nini mara nyingi. Kisha akanitazama mimi, akaninyooshea simu.

"Anakutaka wewe."

Sauti ya mamdogo ilikuwa ndogo sana, na nyuma yake watu wakisema lugha nisiyoijua.

"Rayya, mwanangu. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe bado mtoto, hujajifunza kufichaficha. Nasra wangu ana nini?"

"Hana kitu, mamdogo."

"Jina lake limeondoka. Kila siku Seif hunifungulia mle jukwaani, kwenye kompyuta yake, nkaliona, halafu nkalala. Juzi tumefungua, halipo. Jana nimeliona kwa mtu mmoja tu, kwengine kote halipo. Hata kwenye yale ya zamani limeondolewa. Mmenficha nini?"

Inafaa mjue kwamba kwetu mgonjwa hafikishiwi habari mbaya. Babu alipofariki mamdogo alikuwa amelazwa, na kwa mwezi mzima kila aliyemzuru alicheka, akala matunda, akaondoka. Hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe, kwa kuwa wageni waliacha kumletea salamu za babu. Jina lake halikutajwa tena. Sasa alikuwa kitandani nchi ya mbali, na jina la mwanawe limefutika usiku mmoja. Alilisoma jambo lile kama alivyofundishwa na sisi wenyewe kulisoma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Nasra alitaka wasemaji. Pumzi za mama yake hazikutosha kwa maongezi, kwa hiyo walikubaliana hivyo: afungue popote, mada yoyote, na akutane na khanga yake na jina la mwanawe. Bwana wa Dubai na ubishi wake wote alikuwa akibeba salamu kutwa mara hamsini bila kujua.

Nilitaka kusema ni mimi. Maneno yalikuwa pale, mawili, hayana uzito. Sikuyasema. Nilisimama na simu sikioni, na mamdogo upande wa pili akaanza kulia kwa kukosa jibu langu. Nasra ndiye aliyeninyang'anya simu.

"Mama, mimi hapa. Mimi, Nasra. Nnakusikia. Mzima mimi, mama, nimeng'olewa jino tu. Hapana. Hapana, mama, sikiza. Mie ndo niliyempa Rayya aweke jina lake. Nna mitihani, nilichoka, nkamwambia weka lako. Leo tunarudisha. Wallahi mzima. Ntakusomea sura, unataka nkusomee?"

Akamsomea, kwa sauti yake ya puani kwa sababu ya lile jino, mpaka ami Seif akasema presha inashuka. Mama yangu alikuwa akijifuta macho kwa mtandio. Hakuna aliyenitazama. Na mimi, wasomaji wangu, ninawaambia ukweli ambao sijapata kumwambia mtu: hata pale, nikiwa nimeokolewa, nilimwonea wivu. Niliuonea wivu uongo wake, maana ulikuwa mzuri kuliko wangu, na nikajua kwamba mimi, hata ningepewa mwaka mzima, nisingeweza kuutunga.

Hilal alitoka chuoni akatukuta wawili kwenye benchi, akaona nyuso zetu, akaenda kukaa sebuleni bila kuuliza. Nilikaa kushoto. Nilimwondolea majina yangu na yeye akaziba pembe kwa pindo, korosho kwa korosho, akaandika lake juu. Tulisema mawili matatu tu, "hii bado," "hiyo tayari." Mpaka chakula cha jioni zilizorudi zilikuwa kumi na nane, pamoja na zile nne zake, na tulianza na wasemaji. Kesho yake ami Seif akapiga kusema kwamba mamdogo ameingia chumba cha upasuaji, na kabla hajaingia alifunguliwa jukwaa, akalitazama kidogo, akasema haya, twendeni.

Alirudi wiki moja kabla ya Ramadhani, amekonda, amekuwa mweusi kidogo, anacheka. Siku aliyokuja kumchukua Nasra alituita sote wawili chumbani. Ile doti ya khanga nyekundu yenye korosho ilikuwa mapajani pake, bado haijakatwa. Akaomba mkasi, akaikata katikati, akampa Nasra moja na mimi moja. Aliponipa yangu aliikunjua kidogo, akanionyesha ukingo wake.

"Hili ndo pindo zima, Rayya," akasema. "Uwe nalo."

Nikadhani ananambia haina tundu. Nikashukuru, nikambusu mkono, na tulipotoka nje kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipima yangu na ya Nasra, kuona nani kapewa ndefu.

Nasra hakupata kulitaja jambo lile, kwangu wala kwa mtu mwingine. Aliacha kuchora alipofika sekondari, hivi hivi tu, kama mtu anayeacha kuvaa kiatu kilichombana. Sasa yuko benki. Mimi niliendelea, na nimekula mkate kwa mapindo na pembe mpaka leo. Jukwaa lilifungwa zamani, na pale tulipohifadhi picha palifutwa pamoja na kila kilichokuwamo.

Wiki hii, kwa ajili ya boksi la halwa, Hilal alinichimbulia CD ya zamani aliyohifadhia mafaili ya kompyuta ile. Nikazikuta humo kumi na tatu zenye jina langu, zile tulizokuwa hatujazifikia siku ile. Nikaifungua moja, nikaikuza ijae kioo. Akinyi akaja na kikombe chake cha chai, akainama begani kwangu.

"Hapa kwa kona mbona korosho imekatwa nusu?" akauliza. "Na hii ingine imeangalia chini. Aliyefanya hii alikuwa anaficha kitu."

Alikuwa ametazama kwa muda wa kumeza funda moja. Akinyi hajapata kuvaa khanga ile. Mamdogo Salma alikuwa na nyingine ya pindo hilohilo, aliivaa miaka, ameifua, ameianika, amejifunga nayo akipika, na pale kitandani alikuwa hana kazi nyingine kutwa ila kuitazama. Lazima aliiona korosho iliyokatwa. Pengine si siku ile ya woga, lakini baadaye, akiwa ametulia, alirudi kurasa za nyuma, kwa wale ambao bado hatujawatengenezea, akakiona kiraka na jina langu juu yake, akajua kwamba mwanawe hakunipa kitu. Akachukua mkasi akanipa pindo zima. Ningemwambia sasa kwamba nimeelewa, lakini mwaka wa nne huu tangu afariki.

Jana nilipeleka khanga kwa Nasra. Nilimweleza juu ya korosho, akacheka, akasema, "Mama alijua, ndiyo. Alinikataza nisikwambie." Tukanywa chai. Nilikuwa bado na lile jingine, la rangi, nikaona nilitoe. Nikamuuliza imekuwaje khanga yake haikupauka, na zilikatwa kwa mkasi mmoja, siku moja.

"Yangu mama alikuwa akiiazima kwangu," akasema. "Mwisho kaivaa yeye. Tangu hapo sijaifua."

Akainusa, akairudisha kwenye mfuko. Yangu nilikuwa nimeifua asubuhi ya siku hiyohiyo, na mama yangu ndiye aliyenianikia.